Kikojozi Aliyeheshimu Ijumaa

Mtoto anayekojoa usingizini hana kosa. Lishikeni hilo kwanza, wasichana mnaoanza kazi ya uyaya, ndipo tuendelee na mengine. Hana ukaidi, hana pepo, hana dharau kwa mama yake. Amelala tu, na mtu aliyelala haulizwi maswali.

Nasema kwa ukali kwa sababu nimelea watoto wa watu tangu enzi za Mdachi mpaka magoti yangu yalipokataa kupigwa chini, na sijaona kazi inayochosha, inayochekesha na inayofurahisha kama kumvua mtoto winda la usiku. Mchana ni rahisi. Mchana mtoto ana macho, ana aibu, ana wenzake wa kuwaiga. Akilala anakwenda peke yake, na wewe yaya unabaki mlangoni.

Winda ni kile kipande cha merikani kinachopitishwa katikati ya miguu ya mtoto na kufungwa kiunoni. Mimi sikukua nalo. Kwetu mtoto wa Kinyambo alilala juu ya nyasi laini, ngozi ya ng'ombe chini yake; akilowesha, asubuhi nyasi zinatupwa migombani, zinaletwa nyingine, basi. Winda nilikutana nalo dukani kwa Bwana Sefu, pale Nyaishozi kando ya barabara, siku yangu ya kwanza kazini. Nilikabidhiwa rundo la vitambaa vyeupe, nikadhani ni vya kufungia bidhaa, nikamfungia mteja chumvi. Mae waitu! Bi Salama, mke wa Bwana Sefu, alicheka mpaka akashika ukuta. Mteja hakucheka. Bahati yake winda lenyewe lilikuwa limefuliwa.

Na kufua nako kuna elimu yake. Loweka kwanza kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi, sugua, suuza mara nyingi, kisha anika juani juu ya mibuni. Usianike kivulini. Winda lililokaukia kivulini linanuka hata likiwa safi, na mtoto akifungwa harufu ile kila jioni, mwili wake unakumbushwa kazi iliyo mbele. Nikiona yaya anaanika kivulini, hata leo, namnyang'anya.

Sasa niwaeleze watu wenyewe. Wazee wa Bwana Sefu walitoka pwani, yeye akazaliwa Tabora, akaja huku kuuza nguo, chumvi na shanga, na kununua kahawa. Bi Salama alikuwa Mnyambo mwenzangu, wa Igurwa, aliyesilimu alipoolewa. Mtoto wao mmoja, Abeidi, alikuwa katika umri wa kukimbiza kuku na kuwajibu wakubwa. Mchana alikuwa mwungwana kamili. Winda la mchana lilikwisha zamani, kwa njia niliyofundishwa na mama yangu mkubwa, bibi wa Kamuli aliyelea watoto wa kijiji kizima. Alikuwa akisema, "Mtoto mfundishe sikio kabla ya ulimi." Unambeba mpaka ukingoni mwa migomba, unamshika makwapani, unamtolea sauti mdomoni, "shwaaa", taratibu, mpaka mwenyewe aachie. Ukifanya hivyo kila mara, sauti na mkojo vinakuwa ndugu. Kila mtu nyumbani alimfanyia Abeidi hivyo: mimi, mama yake, hata Bwana Sefu na kanzu yake. Ukitamka "shwaaa", maji yanakuja.

Usiku, hapana. Kila asubuhi winda lilikuwa linachuruzika.

Tungeweza kungoja akue tu, maana wengi huacha wenyewe. Hatukuweza kungoja, kwa sababu ya Bi Zuhura.

Huyu alikuwa dada mkubwa wa Bwana Sefu, mjane asiye na mtoto, anayekaa Bukoba. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea Bwana Sefu, kwa hiyo neno lake kwa mdogo wake lilikuwa neno la mama. Alikuja kututembelea, akakaa siku chache, akaona rundo la mawinda juu ya mibuni.

"Wifi," alimwambia Bi Salama mbele yetu sote, "mtoto ana meno kinywa kizima na bado anafungwa winda? Kwetu mtoto wa umri huu anaanza kuonyeshwa kutia udhu. Atautia vipi na nguo mbichi? Nikija Idi nikimkuta hivi hivi, nakwenda naye Bukoba nikamlee mwenyewe. Sefu, umenisikia?"

"Nimekusikia, dada," alisema Bwana Sefu, akitazama viatu vyake.

Bi Salama hakulia mbele ya wifi yake. Alilia kwangu jikoni, ndizi zikiungua.

"Nyakato," aliniambia, "akichukuliwa huyu, atarudi ananiita mimi shangazi."

Nikaapa moyoni kwamba kabla ya Idi winda lile litakuwa tambara la kufutia vyungu. Kuapa ni rahisi.

Tulijaribu kila kitu. Tulimnyima maji jioni, akanywa ya kuku. Tulimtoa nje kabla ya kulala, akatoa tone, akarudi kulala, asubuhi bahari. Mteja mmoja alileta dawa ya mizizi. Niliionja kwanza mimi, nikaimwaga migombani, na hilo nalo lishikeni: usichoweza kukinywa wewe usimpe mtoto wa mwenzio. Siku moja Bwana Sefu alichukua fimbo. Bi Salama akaidaka ncha ya pili. Wakasimama hivyo, kila mmoja na ncha yake, wakitazamana, mpaka wote wawili wakaanza kucheka. Kwa fimbo ile baadaye nilichochea moto.

Kisha tukaona ajabu. Ijumaa, Abeidi aliamka mkavu. Ijumaa iliyofuata, mkavu tena. Nyingine, mkavu! Siku zote zilizobaki ni mafuriko, Ijumaa ni kiangazi.

Jamani, furaha ya Bwana Sefu! Alitoka dukani mikono juu. "Mashaallah! Mwanangu anaijua Ijumaa! Hata usingizini anaiheshimu!" Alimweleza kila aliyekuja kununua sindano. Watu wa Kamuli walioleta kahawa walimpelekea habari kila aliyekuwa njiani. Wengine walipita dukani kumtazama tu, wakamkuta anagombana na jogoo.

"Huyu atakuwa shehe," alisema Bwana Sefu.

"Shehe wa siku moja kwa wiki," alijibu Bi Salama.

Lakini mimi niliona anamtazama mtoto kwa namna nyingine, anawaza. Mwezi ule alikwenda naye kwao Igurwa kumjulia hali babu yake. Waliporudi, hata mzigo hakuutua.

"Nyakato, amelala mkavu siku zote! Zote! Sasa Bwana Sefu aniambie, Igurwa kila siku ni Ijumaa?"

Nikapiga vigelegele. Yeye hakupiga. Asubuhi iliyofuata, hapa nyumbani, winda lilikuwa linachuruzika kama kawaida, na Bi Salama alikaa kitandani amelishika mkononi.

"Basi ni nyumba hii," alisema polepole. "Au ni mimi. Labda wifi ana haki."

Moyo uliniuma. Mtu anaweza kumnyima mama usingizi, chakula, hata nguo, akavumilia. Ukimtia shaka kwamba yeye ndiye anayemharibu mwanawe, umemvunja. Ndiyo maana nawaambia, msimlaumu mama hata kwa mzaha.

Ngojeni kidogo niwachekeshe na mwingine, kisha nirudi. Miaka ya baadaye nililea mtoto wa kike, nyumba nyingine, aliyeacha kukojoa kabisa lakini akakataa kulivua winda. Ukilivua, analia kijiji kinasikia. Mama mtu alikata tamaa. Mimi nikalivua, nikalikunja, nikampa akumbatie. Akalala! Kumbe alikuwa anataka rafiki yake tu. Kwa hiyo kabla hamjamnyang'anya mtoto kitu, chunguzeni kwanza kile kitu kwake ni nini.

Haya, turudi Nyaishozi. Jua lilikuwa kali, mchana, na Abeidi alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, bila winda, maana usingizini mchana hakuwa akilowesha. Uani kahawa imeanikwa juu ya majamvi. Utaratibu wa pale ulikuwa hivi: kila alfajiri vibarua waliitoa kahawa ghalani, wakaimwaga kwenye majamvi ikutane na jua la kwanza, na jioni wakairudisha. Ghala na majamvi yale vilikuwa ubavuni mwa chumba cha mtoto, na katikati ukuta wa matete tu. Siku ile wingu likapanda ghafla juu ya milima. Kibarua akapiga kelele, "Mvua! Mvua!" Sote tukakimbia. Tukazoa kahawa kwa nyungo na kuimimina vikapuni, huku na huku, kavu, nyingi, kwa pupa.

Shwaaa. Shwaaa. Shwaaa.

Nikasikia Bi Salama anapiga ukelele. Nilidhani nyoka. Nilipogeuka, nilimkuta amesimama barazani na ungo mtupu, anamnyooshea mtoto kidole. Abeidi amelala fofofo, uso mtulivu kabisa, na mkeka chini yake unatoa kijito kinachoelekea mlangoni.

"Nyakato! Sikiliza!" Alichota kahawa, akaimimina mbele yangu. Shwaaa. "Umesikia? Si pepo! Si mimi! Ni kahawa!"

Mae waitu, mvua ilitukuta pale pale tumeshikana mikono tunaruka, kahawa ya Bwana Sefu inalowa na sisi tunalowa. Kila kitu kilipangana. Kila alfajiri kahawa ilimwagwa nyuma ya kichwa chake, na mtoto mtiifu akafanya alichofundishwa. Ijumaa vibarua hawakufanya kazi asubuhi. Igurwa babu yake hakuwa na ghala. Mtoto hakuwa kikojozi hata kidogo! Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kufundisha.

Bwana Sefu alipoelezwa alivua kofia, akaivaa tena.

"Kwa hiyo haikuwa Ijumaa," alisema.

"Ijumaa ni siku tukufu, baba Abeidi," alisema Bi Salama kwa upole. "Lakini hii ni kahawa."

Nilimsihi Bwana Sefu aache kuimwaga alfajiri. Alitikisa kichwa. Kahawa ikikosa jua la kwanza siku baada ya siku inashika ukungu, na ikishika ukungu nyumba nzima inalala njaa. Nikasema basi tumhamishe mtoto chumba. Hapo Bi Salama akakataa yeye.

"Huyu ni mtoto wa mfanyabiashara wa kahawa," alisema. "Tukimkimbiza leo, sauti itamfuata mpaka atakapokuwa mtu mzima. Mnataka aje kusimama ghalani mbele ya wanunuzi, ndevu kidevuni, ajilowanishe?"

Tulicheka, lakini alikuwa na haki. Akatoa shauri ambalo sikuwahi kulisikia kwa mlezi yeyote. Kwa kuwa sauti ile tuliifunga kwenye mkojo, tuifungue, tuifunge mahali pengine. Tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kumtolea mtoto "shwaaa". Migombani tulimpigia makofi mawili mepesi. Na Bi Salama akamsukia kikapu kidogo, kiasi cha mikono yake, akamwambia, "Wewe sasa ni fundi wa kahawa."

Siku ya kwanza fundi alimimina kahawa na mkojo kwa pamoja, jamvi moja. Bwana Sefu alishika kichwa. "Kahawa yangu!" Nikajifunza hapo hapo: kwanza makofi migombani, kibofu kitupu, ndipo kikapu. Siku zilizofuata tulifanya hivyo, asubuhi na jioni, na kila alipomimina tulimshangilia, na vibarua wakamwita msimamizi. Mtoto alitembea kifua mbele! Akawa anaulizia kahawa kabla ya uji. Kitandani nikalivua winda, nikaweka ngozi ya ng'ombe na nyasi laini juu yake, kama nilivyolazwa mimi. Bwana Sefu alizitazama zile nyasi ndani ya nyumba yake, akatikisa kichwa, akarudi dukani.

Asubuhi za mwanzo alilowesha. Hatukumgombeza, nilitupa nyasi tu. Kisha alfajiri moja kahawa ilipomwagwa nikasikia miguu, pa pa pa, na mtoto akanipita kwenye korido, amekunja uso, kikapu kichwani, "Ningojeni! Ningojeni!" Nikamkamata, nikampeleka migombani kwanza, makofi mawili. Nikarudi kupapasa kitanda. Kikavu! Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani wakajibu.

Si kila siku, nawaambia ukweli. Anaweza kulala mkavu siku kadhaa, akakojoa moja. Ndivyo watoto walivyo. Na Bi Zuhura alifika wakati mfungo unakaribia kwisha, kabla sisi hatujawa na hakika.

Alikuja na mwavuli, na wapagazi, na bunda la nguo. Bwana Sefu alimwamkia, "Shikamoo, dada." Akaitikia, akalifungua bunda mbele yetu. Mawinda mapya, meupe, yamepindwa vizuri kwa mkono wake.

"Nimemshonea mwanangu ya safari," alisema. "Leo atalala na mimi, kwenye mkeka wangu, bila kufungwa kitu. Nione mwenyewe."

Alitandika mkeka wake wa pwani, ule mzuri wa rangi, katika chumba kile cha karibu na ghala. Jioni mimi nilimvuta Bi Salama pembeni.

"Mama Abeidi, nikawaambie vibarua kesho wapumzike. Siku moja tu! Kahawa haitakufa."

Alifikiri. Niliona jinsi alivyotaka kukubali.

"Hapana," alisema. "Wifi akimkuta mkavu kwa sababu tumenyamazisha nyumba, basi nitakuwa nimemwibia. Na nitaishi nikiogopa kila kahawa. Waache wamwage."

Alfajiri, baada ya swala, tulisimama uani: Bi Salama, Bwana Sefu na tasbihi yake, mimi na kibarua mwenye ungo. Kibarua alitutazama mmoja mmoja, maskini, hakuelewa kwa nini kazi yake ya kila siku ina watazamaji. Bi Salama akamwitikia kwa kichwa. Kahawa ikamiminwa.

Shwaaa.

Kimya. Ikamiminwa tena. Kimya. Bi Salama alikuwa amefumba macho. Mara mlango ukapigwa teke na Abeidi akatoka uchi, nywele zimesimama, kikapu mkononi.

"Mmeanza bila mimi!" alifoka. Akatazama uani, akakumbuka jambo, akampa baba yake kikapu amshikie, akakimbia mwenyewe migombani. Tukasikia makofi mawili madogo. Alijipigia mwenyewe!

Bi Zuhura alitoka nyuma yake. Alikuwa amebeba ule mkeka. Alisimama kwenye mwanga, akapitisha kiganja juu yake, juu mpaka chini, halafu akaugeuza akapapasa upande wa pili. Mkavu. Aliukunja, akamtazama mtoto anavyomimina kahawa huku akiwaamrisha watu wazima, na nikaona midomo yake inacheza. Mjane yule, nyumba yake Bukoba ilikuwa kimya sana. Hilo nililielewa siku ile, na hasira yangu yote juu yake ikaisha.

Mwezi ulionekana, Idi ikafika. Abeidi alivalishwa kanzu ndogo, akataka na kilemba kama cha baba yake, na nyumbani hapakuwa na kitambaa kinachomtosha. Akaanza kulia. Bi Zuhura aliingia chumbani, akatoka na moja ya yale mawinda mapya aliyoyashona, ambalo halikuwahi kuguswa na mtoto. Alipiga magoti, akalizungusha kichwani pa Abeidi, mzunguko kwa mzunguko, akachomeka ncha.

Kisha akainua uso kwa Bi Salama. "Nimekaza sana, wifi? Wewe ndiye unayemjua."

"Kidogo," alisema Bi Salama. "Mlegezee hapa, kwenye sikio."

Bi Zuhura akalegeza. Abeidi akashika mkono wa baba yake, wakaenda kuswali Idi, winda likiwa kichwani.